Mwanafunzi Aliyepoteza Alama za Kutoa

Mkataba wangu na kampuni moja ya gesi ulipokwisha hawakuuongeza, nikarudi Chikongola kwa mama. Nilikuwa na shahada ya uhandisi, mabegi mawili, na sikutaka kuonana na mtu. Mama hakuniuliza kitu. Alinifungulia chumba cha uani, akaniwekea ndoo ya maji, akaenda kuswali.

Sikukusudia kufundisha. Binti wa jirani, aliyekuwa kidato cha tano, alisikia kwamba nimesomea mambo ya mashine, akaja na swali la fizikia lililomshinda: jiwe limerushwa kutoka ukingoni mwa jabali, litaanguka umbali gani. Nilimchorea kwenye sakafu kwa chaki. Siku ya pili alikuja na mwenzake. Haukupita muda uani kwa mama kukawa na mkeka wa wanafunzi kila alasiri wakitoka shule, na kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi kikawa ubao. Walileta maswali waliyopewa shuleni, fizikia na kalkulasi, nasi tulikaa nayo mpaka jua lilipoelekea kuzama. Waliniita madamu. Nilikuwa sijazoea, lakini lilikuwa jina zuri kuliko yale niliyokuwa nikijiita mwenyewe siku zile.

Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja wa kijiji cha Mpapura. Alikuwa mrefu, mkimya, amepanga geto na wenzake wawili nyuma ya soko. Mama yake alikuwa mkulima wa korosho na mihogo, baba yake alishafariki. Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake, hasa alipochangamka, na kilichomchangamsha ni hesabu tu. Wenzake walitaka jibu. Yeye alitaka kujua kwa nini jibu limekuwa hilo. Nilipowafundisha namna ya kutafuta mteremko wa mstari uliopinda, wote waliikariri ile kanuni ya kushusha kipeo na kupunguza moja. Yeye alibaki baada ya wenzake kuondoka.

"Madamu," aliniambia, "mimi nimeelewa namna ya kuifanya. Ila sijaelewa mstari unawezaje kuwa na mteremko mahali ambapo ni nukta tu. Nukta haina urefu."

Nilikaa naye mpaka mama akaanza kukohoa jikoni, ishara ya kwamba chakula kinapoa. Alipoelewa alicheka peke yake, akakunja mkeka wetu vizuri kuliko siku zote, akaaga.

Hii ndiyo sababu nilishangaa alipoanza kukosa.

Swali la kwanza ninalolikumbuka lilikuwa la mpira uliorushwa juu. Kitabu kilitoa kimo cha mpira kwa kila wakati, wao walitakiwa watafute lini utasimama kabla ya kuanza kushuka. Wenzake wote walipata sekunde mbili. Yeye aliandika kwamba mpira hausimami kamwe. Walimcheka sana. Mmoja akasema mpira wake umeshafika mwezini, tumngojee arudi nao.

"Hata mimi nimeona ni ajabu," alisema, "lakini hesabu ndivyo inavyosema."

Nilidhani amechoka. Wiki hiyohiyo akakosa tena, na tena. Mwalimu wake wa shule alimwandikia kwa kalamu nyekundu neno moja, uzembe, na chini yake mstari. Kijana alinionesha lile neno kama mtu anayekuonesha kidonda.

Nilichukua kazi zake nikakaa nazo, nikazipitia hatua kwa hatua. Hakukuwa na hatua hata moja iliyokosewa. Kila alichofanya kilikuwa sahihi, isipokuwa kwamba hakuwa akifanya swali lililoandikwa. Palipokuwa na alama ya kutoa, yeye alifanya kana kwamba ni kujumlisha. Palipokuwa na kipeo cha tatu, alifanya cha pili. Nukta za desimali zilikuwa zimepotea. Alikuwa amejibu vizuri kabisa maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Siku iliyofuata nilimwita kando, nikampa kitabu.

"Nisomee hapa."

Alikishika, akageuza shingo kama kuku anayetazama angani. Alisoma maneno, akafika kwenye hesabu akasita.

"Mbona unakitazama kwa pembeni?"

Alikifunga kitabu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie, "Kuna doa katikati, madamu. Lilianza jicho moja, sasa yote mawili. Nikilitazama neno, linaondoka. Nikitazama kando yake, linarudi kidogo."

"Na mimi hapa unanionaje?"

"Naona masikio yako. Naona mtandio. Uso siuoni."

Tulianza na duka la miwani. Walimpimisha lenzi moja baada ya nyingine, akaambiwa achague iliyo bora, akawa anachagua kwa adabu tu, asimuudhi fundi. Tulitoka na miwani ambayo haikumsaidia. Ndipo nikampigia mama yake simu. Alikuja na gari la alfajiri, amevaa kitenge kipya, na harufu ya moshi wa kuni ilikuwa bado imo nguoni. Twende hospitali pamoja, aliniomba, maana yeye madaktari humtia hofu wakianza kuchanganya Kiingereza.

Daktari wa macho alikuwa kijana, mpole, na alichukua muda wake. Alimulika macho kwa taa, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akaizima taa akamgeukia mama yake.

"Mama, upande wa kwenu kuna mtu mwingine aliyepoteza macho akiwa bado kijana?"

Mama yake alinitazama mimi kwanza, kana kwamba nitamjibia.

"Kaka yangu," alisema. "Lakini yeye alirogwa."

Daktari hakubishana naye. Alivuta karatasi akachora mviringo, akauita mama, na chini yake miviringo midogo, watoto. Alieleza kwamba kuna ugonjwa wa mishipa inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mtoto huupokea kwa mama, habebeshwi na baba. Wote wanaweza kuubeba, lakini si wote unaowapofusha. Huwapata wavulana zaidi, wasichana nao hawakosi. Macho yenyewe ni mazima, kinachokufa ni ile mishipa. Kijana wake hatakuwa gizani kabisa, ataona mwanga, ataona mtu amepita. Kusoma hatasoma tena. Dawa ya kurudisha hana, na angekuwa nayo angetoa.

Kijana aliuliza swali moja tu. "Itachukua muda gani?"

"Imeshachukua," daktari alisema. "Kilichobaki ni kidogo."

Tulikaa kwenye benchi la nje, chini ya paa la bati. Kijana alikwenda kunawa uso bombani. Mama yake alikuwa ameishika ile karatasi ya daktari mikononi, anaitazama ile miviringo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Wewe hukuchagua."

"Ametoka kusema hapa, mwalimu. Anayetoa ni mama."

Baada ya muda akaendelea, sasa bila kunitazama. Kaka yake alipoanza kutoona, ukoo ulimshuku mwanamke mmoja jirani, mjane. Hawakumpiga. Waliacha kumsalimia, wakaacha kuchota maji naye, watoto wakakatazwa kupita kwake. Mwisho alifunga virago akahamia Mahurunga kwa binti yake, akafia huko. "Nilikuwa nikimwona anapita na mzigo wake kichwani," alisema, "nikageuza uso. Na wakati wote huo kitu chenyewe kilikuwa humu." Aliweka mkono tumboni.

Kijana aliporudi, mama yake aliikunja ile karatasi. Tulimnunulia soda, akainywa yote.

Hakuacha kuja kwenye mkeka wetu. Nilitegemea ataacha, na ukweli ni kwamba ningefarijika kidogo, kwa sababu sikujua nimfanyeje. Alikuja siku ya tatu, akakaa mahali pake, akasema, "Nisomeeni swali."

Sikuwahi kufikiri kabla ya hapo jinsi hesabu ilivyo kitu cha macho. Hoja unaweza kuisema kwa mdomo. Lakini jaribu kusoma kwa sauti sehemu yenye mabano ndani ya mabano, juu kuna kipeo, chini kuna kipeuo, na msikilizaji ajue kila kimoja kinakaa wapi. Alijaribu simu inayosoma maandishi. Ilisoma Kiingereza vizuri sana, ilipofika kwenye alama ikazipita kimya, au ikatamka herufi zisizo na maana. Tukaunda lugha yetu. "Fungua" ilikuwa mabano yanaanza, "funga" yanakwisha, "juu" na "shuka" zilikuwa za vipeo. Wenzake walipokezana kumsomea. Wale waliomcheka ndio waliosoma kwa makini zaidi, na hakuna aliyeutaja tena ule mpira.

Kwa michoro nilichukua maboksi ya sabuni kutoka duka la Wahindi jirani yetu, nikagandisha kamba ya katani juu yake kwa gundi. Kamba ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Alipitisha vidole juu yake taratibu. Nilimpa rula, nikamwambia ailaze iguse kamba mahali pamoja tu. Aliisukuma kilimani, rula ikawa inainama kidogo kidogo, mpaka ilipolala sawa kileleni.

"Hapa ni sifuri," alisema.

"Ni sifuri."

Aliendelea kuisukuma, rula ikaanza kuelekea chini. "Na hapa zimerudi alama za kutoa," akasema. Alitabasamu kuelekea mahali ambapo alidhani nimekaa. Nilikuwa nimeshasimama upande mwingine.

Nisiseme kwamba ilikuwa kazi nzuri. Watu wakisikia habari hii hupenda kipande hicho cha kamba, wanataka niishie hapo. Ukweli ni kwamba alikuwa akirudi nyuma. Swali ambalo mwenzake alilifanya kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, yeye lilimchukua alasiri nzima, kwa kuwa ilimbidi ayabebe yote kichwani, kila mstari, asiwe na mahali pa kuuweka chini. Majaribio ya maabara hakuweza tena. Kusoma mizani, kusoma kipimajoto, kutazama sindano ya mita ya umeme, yote yalikuwa ya macho. Alikonda. Wenzake wa geto waliniambia hali chakula vizuri, anakaa kitandani anatikisa midomo.

Alasiri moja ya joto kali alikuwa akifanya lile swali la kalkulasi ambalo unalivunja mara mbili na mara ya pili linarudi kama lilivyoanza, ndipo unalihamishia upande wa pili na kugawanya. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, anasema kila hatua kwa sauti, nami nikiziandika ubaoni nimfuatilie. Alikwenda vizuri. Alivunja mara ya kwanza. Alivunja mara ya pili. Swali likarudi, akalihamisha, na alipolihamisha alisahau kubadili alama. Vitu viwili vilivyopaswa kujumlishana vikafutana, akabaki na sifuri mkononi.

"Rudia hatua ya mwisho," nilimwambia.

Alirudia, akakosa palepale. Kisha akalisikia kosa lake mwenyewe. Alikaa chini polepole, mgongo ukisugua ukuta, akafunika uso.

"Hii hakunisomea mtu vibaya," alisema. "Hii haimo kwenye macho. Nimeikosa mimi."

"Kila mtu anaikosa hiyo. Hata mimi niliikosa."

"Wewe ungeiona kwenye karatasi, madamu."

Alilia bila sauti, mabega tu. Binti wa jirani alifunga vitabu vyake, akawaashiria wenzake, wakaondoka mmoja mmoja. Mama alitoka jikoni na kikombe cha maji, akamshikisha, akasimama karibu naye mpaka alipokunywa.

Shule ilikuwa imeshamwita mama yake. Hawakuwa watu wabaya. Walimweleza kwamba mtihani wa vitendo hawana namna ya kumpa, na kwamba iko shule mkoa mwingine yenye vifaa na walimu wa wasioona. Huko anaweza kuanza upya kidato cha tano kwa masomo ya sanaa. Historia, Kiswahili, Kiingereza. Kijana alikuwa amekataa. Alisema ana madamu wake.

Ndipo mjomba wake, yule aliyesemwa amerogwa, alipokuja kwangu. Aliletwa na dereva wa bodaboda mpaka mlangoni, mtu mzima, amevaa kanzu safi na kofia, ndevu zimeanza mvi. Nilimwamkia, nikamwongoza kwenye kiti. Alikataa chai.

"Mwalimu, wewe unampenda mpwa wangu," alisema. "Nimeambiwa mpaka umemtengenezea kamba."

"Anajitahidi sana, mjomba."

"Najua. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilikuwa na cherehani yangu mwenyewe pale Mpapura, watu walitoka mbali. Macho yalipoondoka, sikuiuza. Nilikaa nayo. Kila wiki niliipaka mafuta, niliipangusa vumbi, nikaweka uzi. Niliwaambia watu nangoja. Mke wangu alinivumilia, akachoka, akaenda kwao. Mimi na cherehani." Alisugua magoti yake. "Angelikuwapo mtu wa kuniondolea kile kitu nyumbani mwaka wa kwanza, labda ningejifunza jambo lingine. Hakuna aliyethubutu. Waliniheshimu."

"Unataka nimwambie aache."

"Kwa mama yake hasikii. Kwangu hasikii, anasema mimi nilikata tamaa. Wewe atakusikia."

Nilimwambia nitafikiri. Alisimama, akatafuta ukuta kwa mkono, akanishukuru kana kwamba nimeshakubali.

Siku chache niliwafundisha kama kawaida. Nilitafuta upenyo wa kukwepa. Nilimpigia mtu niliyesoma naye, ambaye sasa ni mhadhiri, kumuuliza kama chuo kinaweza kumpokea kijana asiyeona katika fizikia. Akasema chuo huenda kikampokea, lakini kwanza alete cheti cha kidato cha sita, na cheti hakiji bila ule mtihani wa vitendo. Nilizunguka na hilo kichwani, kila nilipogeuka nikakuta mlango uleule.

Basi nikamwambia. Tulikuwa wawili, wenzake walikuwa wamewahi kwenye mechi ya shule. Nilimwambia yote, ya mtihani, ya mhadhiri, ya shule ya mkoa mwingine. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mjomba alikuja hapa," alisema.

"Alikuja."

"Ungekuwa wewe, ungeacha?"

Sikutaka kumdanganya. "Ningeendelea mpaka nishindwe."

"Na mimi nimeshindwa?"

"Wewe hujashindwa. Shule ndiyo imeshindwa, haina cha kukupa."

Alifikiri. "Kwangu mimi ni yaleyale, madamu," alisema.

Alipapasa mkeka akachukua mkoba wake, akaniomba mikono yangu, akaishika yote miwili kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa. Nilimsindikiza mpaka geto. Njiani alinitajia kila shimo kabla hatujalifikia, nami nikamwacha anitajie.

Aliondoka mwanzoni mwa muhula. Huko alijifunza kusoma nukta nundu, maandishi ya kupapasa. Alinipigia simu akasema vidole vyake ni vizito, hata watoto wa darasa la nne wanamshinda mbio za kusoma. Lakini alifaulu mtihani wa kwanza, na wa pili. Alisema historia si mbaya, mwalimu ana sauti nzuri. Nilimuuliza kama bado hufanya hesabu.

"Huwa nafanya nikilala," alisema. "Lakini sina wa kuniambia kama ni sahihi."

"Nipigie uniambie mimi."

Alipiga mara chache. Alinisomea hatua zake kwa lugha yetu ya fungua na funga, nami nikaandika upande wangu. Kisha siku moja katikati ya hatua alisita akasema anaanza kusahau jinsi baadhi ya herufi za hesabu zilivyokaa, ile ndefu ya kalkulasi kichwa chake kinaelekea upande gani. Nilimweleza. Alisema asante. Baada ya hapo tukawa tunaulizana hali tu, na mvua, na bei ya korosho, naye akinipa salamu nimfikishie mama.

Msimu wa korosho uliofuata nilikwenda Mpapura kumsalimu mama yake. Nilimkuta uani amekaa juu ya gunia, anachambua korosho, zilizonyauka huku, nzima huku. Nilikaa nikamsaidia. Hatukuzungumza sana juu ya kijana, tuliambizana tu kwamba anaendelea vizuri, na kila mmoja wetu aliitikia kwa kichwa. Vidole vyangu vilikuwa vizembe, alikuwa akirudia fungu langu kimyakimya.

Binti yake mdogo alitoka ndani amevaa sare za shule. Yuko kidato cha pili, alisema mama, na mwakani wanachagua masomo, anataka sayansi. Binti aliniamkia vizuri, akainama kufunga viatu.

"Hebu kwanza," mama yake alimwita. "Nisomee pale."

Kwenye ukuta wa banda, ng'ambo ya uwanja, palikuwa na mfuko mtupu wa salfa ya kupulizia mikorosho umetundikwa kwa msumari, maandishi yake yamefifia kwa jua.

"Mama, nimeusoma jana."

"Usome."

Binti alishusha pumzi, akasoma. Alisoma jina la dawa, uzito, onyo la kuweka mbali na watoto.

"Na yale madogo ya chini."

"Mama, nachelewa."

"Yale madogo, mwanangu."

Binti alikaza macho. Mama yake aliacha kuchambua. Nami niliacha, nikajikuta nimeinua shingo kuyatazama yale maandishi, nikijaribu kuona kama mimi mwenyewe kutoka pale nilipokaa ningeweza kuyasoma. Binti aliyasoma yote, neno baada ya neno, mpaka mwisho. Kisha akachukua mkoba wake akakimbia njiani, na mama yake akavuta fungu jingine la korosho.